Aliyesema Shimoni

Alvah Munn alikuwa akimzungusha farasi kwenye kinu chake cha matufaha alipomwona konstebo akiingia uani. Badala ya kusimama, akamchapa farasi aende mbio zaidi, mpaka maji ya matufaha yakaruka nje ya pipa. Alvah alikuwa mtu wa namna hiyo. Akiogopa jambo, huzidisha kazi.

"Simamisha huyo mnyama, Alvah," alisema Zerah Pettibone. "Sikuja kukukamata."

"Konstebo asiyekuja kukamata amekuja kunywa. Na haya bado hayajachacha."

"Nimekuja kuuliza habari za Kilima cha Kobe."

Farasi alisimama mwenyewe, maana bwana wake alikuwa ameachia hatamu. Alvah alichungulia mlango wa nyumba kuona kama mkewe anasikia, kisha akamvuta konstebo nyuma ya mapipa.

"Nani amesema?"

"Watu. Sasa sema wewe."

Pettibone alikuwa amebakiwa na siku moja tu. Kesho yake asubuhi Hakimu Wickham angesikiliza ombi la Shemasi Orrin Sprague, mwenye kiwanda cha ngozi, aliyetaka apewe watoto wawili wa marehemu mdogo wake. Mama yao, Electa, alikuwa mzima wa afya na akili, wala hakuwa mlevi. Kosa lake lilikuwa moja: majira ya kuchipua alibatizwa kijitoni na wafuasi wa Joseph Smith, yule kijana wa mashamba ya Manchester aliyesema malaika alimwonyesha mabamba ya dhahabu kilimani, akayatafsiri kuwa kitabu. Nabii huyo alikwisha hamia Ohio, na Electa alikuwa anafunga mizigo amfuate, na watoto wake pamoja naye.

Hakimu alikuwa mtu wa haki, ila hakupenda kelele. Alisema mama hanyang'anywi watoto kwa ajili ya dini, la sivyo nusu ya kaunti ingebaki bila mama, kwa jinsi watu wa hapa wanavyobadilisha makanisa kama soksi. Lakini kama ingethibitishwa kwa kiapo kwamba huyo anayemfuata ni laghai, anayejua fika kwamba anadanganya, basi mama huyo anawapeleka wanawe kwenye mtego, na mahakama haiwezi kukaa ikitazama. Akamtuma Pettibone akachunguze, tena achunguze kwa haki.

Ushahidi mmoja alikuwa nao tayari, na ulikuwa mzito. Philander Goss, mfanyakazi wa kiwanda cha ngozi, aliapa kwamba miaka ile mfereji wa mashua ulipokuwa unachimbwa alikuwa Kilima cha Kobe pamoja na watafuta hazina, na kwamba Joseph alimshukia shimoni, akacheka, akamwambia: "Goss, huku chini hakuna kitu, wala hakijawahi kuwepo. Lakini wapumbavu wakitaka kuchimba, mimi ni nani niwazuie?"

Maneno hayo tu yangetosha kumaliza kesi. Pettibone naye hakuwa na sababu ya kuyakataa. Yeye alikuwa Mbaptisti wa siku kavu, barabara ikiwa na matope haonekani kanisani, na habari ya mabamba aliiona ni hadithi. Lakini shahidi mmoja ni mguu mmoja, na kesi ya watoto haisimami kwa mguu mmoja.

"Andika kwamba tulikuwa wajinga wote," Alvah alisema. "Usiandike mimi peke yangu."

"Nitaandika wote."

"Basi. Walisema kuna kasha la fedha ya Wahispania. Joseph alikuja, kijana tu, ndevu bado. Alitia jiwe lake la kuonea hazina kwenye kofia, akatia na uso humo humo, akasema, chimbeni hapa. Mzee mmoja wa Vermont akachora duara kwa upanga, akasoma zaburi. Tukachimba. Zerah, nakuapia, koleo langu liligonga mfuniko. Ngo! Nililisikia mpaka kwenye meno."

"Halafu?"

Uso wa Alvah ukabadilika ukawa mwekundu kama matufaha yake.

"Halafu Lyman Tubbs akasema, 'Bwana wangu!'"

"Ndiyo?"

"Ndiyo nini? Akasema! Duara limechorwa, kasha linaguswa, yeye anafungua mdomo! Kasha likazama. Tulilisikia likishuka ardhini, tukachimba mpaka mikono ikatoka damu, wapi! Mzimu uliolilinda ulikwenda nalo."

"Kwa maneno mawili tu?"

"Hata moja lingetosha. Duara likishachorwa, kikohozi unakimeza. Mimi niliumwa na nyigu shingoni, nikauma kola ya shati. Na huyo punda anasema 'Bwana wangu'! Sijamsalimu mpaka leo. Msibani kwa mama yake nilimpa pole dada yake, yeye nikamruka."

Pettibone alijizuia kucheka, maana ushahidi wa mtu aliyeudhika huharibika ukichekwa.

"Joseph alikuwa wapi wakati huo?"

"Juu, nje ya duara, na kofia yake."

"Hakushuka shimoni?"

"Sikumwona akishuka. Lakini kulikuwa giza, na mimi nilikuwa natazama koleo."

"Alipoona kasha limezama, alicheka?"

Alvah alifikiri. "Hapana. Alikaa kwenye majani kama sisi, kichwa chini. Sasa kama alihuzunika kweli au ni mwigizaji hodari, mimi sijui. Mimi nakamua matufaha. Moyo wa mtu siwezi kuukamua."

"Na Philander Goss alikuwepo?"

"Tulikuwa kundi, kofia zimeshushwa mpaka puani, kila mtu anaona aibu. Wengine walikuwa wageni, watu wa mfereji. Siwezi kuapa alikuwepo, siwezi kuapa hakuwepo."

Hapo Pettibone akaona mlango. Kijiji cha Farley kilijaa watu waliojitia wenyeji, ambao baba zao walikuja juzi. Kama Goss hakuwa hata kwenye kaunti hii miaka ile ya mfereji, basi ushahidi wake ungeanguka wenyewe. Akaagana na Alvah, akakata njia ya ukingoni mwa mfereji kuelekea nyumba ya wageni ya Bi Thankful Beebe, mwanamke ambaye hakuwahi kumsahau mtu aliyelala kwake, hasa aliyekoroma.

"Goss?" Bi Thankful alisema, huku akimwekea kipande cha pai ya malenge bila kuulizwa. "Alikuwepo. Alilala kwenye dari yangu kiangazi kizima, yeye na wachimba mfereji wenzake. Walinimalizia nyama ya chumvi yote."

"Una hakika ni yeye?"

"Zerah, mtu hafui shuka za mtu miezi mitatu akamsahau. Tena alikuwa na sauti nzuri. Walikuwa wakichimba pale chini ya daraja, na yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Mpaka jikoni nilikuwa nawasikia. Watu wa mfereji hawainui koleo bila wimbo, labda lile la kuzikia mtu."

Mlango wa Pettibone ukafungwa. Goss alikuwepo kijijini, tena mwaka uleule. Alikula pai bila kuionja.

"Ni habari ya Electa, siyo?" Bi Thankful aliuliza.

"Ni siri ya mahakama."

"Siri ya mahakama naijua tangu Jumatatu. Nikuambie kitu? Mwanamke anapika, anafua, anafuta pua za wanawe, anamlipia marehemu mumewe kaburi zuri. Sasa mnataka kumpokonya watoto kwa ajili ya malaika wa watu? Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

"Mimi haijaniwasha. Imemwasha shemeji yake."

"Huyo naye," Bi Thankful akapunguza sauti. "Usimwone amenyooka vile. Walipomzika Daniel, mdogo wake, alishika kamba ya jeneza mpaka tukamtoa vidole kimoja kimoja. Mtu akiumia vile anaweza kufanya lolote."

Pettibone alitoka na kusimama juu ya daraja. Chini yake mashua ya ngano ilipita ikivutwa na nyumbu wawili, na mswaga nyumbu alikuwa akiimba kwa sauti ya kukwaruza. Konstebo aliisindikiza mashua ile kwa macho mpaka ikapinda. Kisha akageuka ghafla kuelekea kiwanda cha ngozi, mwendo wa mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni.

Alimkuta Goss anakwangua manyoya kwenye ngozi ya ng'ombe iliyolazwa juu ya gogo. Alikuwa mtu mnene mwenye tabasamu la karibu, na harufu ya kiwanda ilikuwa imemwingia mpaka kwenye tabasamu hilo. Ng'ambo ya ua, nyuma ya kioo cha chumba chake, Shemasi Orrin Sprague alionekana ameinama mezani.

"Konstebo! Nilidhani tumemaliza."

"Tumemaliza. Ila hakimu anapenda mambo kwa mapana. Nataka useme tena taratibu, nisije nikakosea neno lako."

"Hata mara kumi."

Pettibone akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Duara lilichorwa?"

"Lilichorwa. Kwa upanga. Mzee wa Vermont."

"Wewe ulikuwa ndani ya duara au nje?"

"Ndani, na koleo mkononi. Nilikuwa na nguvu siku zile, usinione hivi."

"Joseph akashuka lini? Kabla ya duara, au baadaye?"

"Baadaye. Tulikuwa tumefika kiunoni. Akashuka akasimama kama nilivyo na wewe hapa, akaniambia yale maneno."

"Kwa kunong'ona?"

Goss aliona hapo pana nafasi ya kuupamba ushahidi wake, akaichukua. "Kunong'ona kwa nini? Alisema wazi. Mtu mwenyewe hakuwa na haya."

"Nawe ukamjibu?"

"Nikamwambia, 'Joe, wewe ni ibilisi mwenye kofia!' Tukacheka mpaka mbavu zikauma."

"Wenzako hawakusikia?"

"Wangesikiaje, na kelele ile? Mmoja anaimba, mwingine anadai chupa, mwingine anamtukana aliyemmwagia mchanga. Unajua watu wakichimba."

"Sijui. Walikuwa wanaimba?"

"Konstebo, umewahi kuona watu wanachimba kimya?"

Pettibone aliandika maneno hayo polepole, neno kwa neno, akapuliza wino ukauke.

"Bado moja tu. Wenzako wanasema kasha lilikuwepo, likazama. Tuseme wamejidanganya. Lakini wao wenyewe wanasema lilizama kwa sababu gani?"

Kisu cha Goss kikasita juu ya ngozi. Akatupa jicho ng'ambo ya ua, kwenye kile kioo.

"Si... maji," alisema. "Maji yaliingia shimoni. Ukichimba sana, ukuta unaachia, maji yanaingia."

"Mfereji huo, Goss."

"Nini?"

"Mfereji ndio huingiliwa na maji. Kilima cha Kobe ni kikavu kama mkate wa juzi. Mwulize mtu yeyote aliyezaliwa kaunti hii, mwulize hata bibi yako akiwa wa hapa, hazina huzama kwa nini, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Huzama mtu akisema. Duara likishachorwa hakuna anayefungua mdomo. Alvah Munn aliumwa na nyigu akauma kola. Lyman Tubbs alisema maneno mawili, na mpaka leo kuna nyumba haingii. Nawe unaniambia ulipiga soga, ukacheka, na watu wanaimba! Kama ungefanya hivyo kule, wangekuzika kwenye shimo lao wenyewe, wakalifukia, tena kimya kimya."

Tabasamu la Goss liliondoka pole pole.

"Labda nimesahau..."

"Hujasahau. Hukuwepo. Ulikuwa darini kwa Bi Thankful. Uliwaona wenzako wawili watatu wakirudi na vumbi la kilimani, na hawakukuambia kitu kwa sababu waliona aibu. Haya mengine umeyapata wapi? Upanga, zaburi, mzee wa Vermont?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Goss iliishia pale pale kwenye gogo la ngozi. Akaweka kisu chini.

"Shemasi aliniambia nisiogope, maana ni kweli," alisema. "Alisema kila mtu anajua yule ni laghai, ila hakuna aliyemsikia akikiri, sasa wewe utakuwa umemsikia. Aliniahidi kibanda kilicho kwenye shamba la mjane, nihamie wakishaondoka... watoto wakishahama. Konstebo, mimi nina mke, tunalala nyuma ya ghala. Alinipa upanga, akanipa zaburi, akanipa mzee wa Vermont. Habari ya kunyamaza hakunipa."

"Hakuijua," Pettibone alisema. "Alizisikia hizi habari ibadani na magazetini kama watu wote waheshimiwa. Hajawahi kushika koleo usiku kilimani."

Akaupiga mstari ushahidi wa Goss kutoka kona hadi kona, akamwambia aweke alama yake chini kwamba ameuondoa mwenyewe. Kisha akavuka ua na kugonga kile kioo.

Hakumpeleka shemasi kwa hakimu. Alimpeleka kwa Electa. Baadaye alipoulizwa sababu, alijibu kwamba aliyeshtakiwa ana haki ya kusikia kwanza, jibu zuri la kisheria. Lakini njiani hakumwambia shemasi neno lolote zaidi ya "Goss amesema", na shemasi hakuuliza amesema nini. Alitembea kofia mkononi, na upepo wa Oktoba ukizichezea nywele zake chache.

Electa Sprague alikuwa jikoni anamenya matufaha ya kukausha, vipande vimetungwa kwenye nyuzi kutoka ukuta hadi ukuta, ikabidi wanaume wainame kupita. Kabla hajakaribisha, Amos, mtoto wa mwisho, alikwisha mrukia shemasi miguuni.

"Baba mkubwa! Umeniletea?"

Mkono wa shemasi ulikwenda mfukoni wenyewe, ukatoa kipande cha sukari ya utomvu wa mti. Dada yake, Lovina, alisimama kando na adabu zake, naye akapata chake.

"Karibu, shemeji," Electa alisema. Sauti yake haikuwa ya karibu. "Konstebo, kaa. Mmekuja kuwachukua leo? Nilidhani ni kesho."

"Hakuna anayechukuliwa," Pettibone alisema. "Nina mambo mawili, na nitayasema yote mawili mbele yenu wote wawili. La kwanza halitampendeza shemasi. La pili halitakupendeza wewe, mama."

Lovina akatumwa kisimani. Amos alikataa kubanduka kwenye goti la baba yake mkubwa, akaachwa hapo na sukari yake.

"La kwanza. Ushahidi wa Goss ni uongo. Ulitungwa, na aliyeutunga yuko humu ndani. Kumfundisha mtu kuapa uongo kuna jela yake, shemasi anajua."

Electa alimtazama shemeji yake. Alichukua tufaha jingine akaanza kulimenya.

"La pili ni kweli, na nimelipata kwa watu wasiomchukia. Kabla ya mabamba, Joseph alikuwa mtazamiaji. Alitazama jiwe ndani ya kofia, akawaonyesha watu mahali pa kuchimba hazina, na hakuna hazina iliyopatikana. Zaidi ya hapo, alipelekwa mbele ya hakimu huko kusini, kaunti nyingine, kwa habari hiyo hiyo."

"Si nilisema!" shemasi alipaza sauti. "Si nilisema, Electa? Mtume wa Mungu anapiga ramli kwenye kofia!"

"Yusufu wa Misri naye alikuwa na kikombe cha kupigia ramli," Electa alisema bila kuinua macho. "Wewe mwenyewe ulitusomea, Daniel akiwa hai. Ulisimama pale pale penye meko."

Shemasi aliyajua Maandiko, na hayo yalikuwemo.

"Lakini hilo la hakimu sikuambiwa," Electa akaendelea, na sasa aliweka kisu chini. "Walionibatiza hawakuniambia. Habari za jiwe niliwahi kuzisikia, nikadhani ni maneno ya wenye wivu. Hakimu, hapana." Akajifuta mikono kwenye aproni, mmoja kisha mwingine. "Konstebo, umeuliza watu. Niambie jambo moja. Aliamini? Alipotia uso kwenye kofia ile, alikuwa anaamini anaona kitu, au alikuwa anatucheka?"

Pettibone alitamani sana awe na jibu la kumpa.

"Hilo ndilo nililotumwa kulitafuta, na ndilo sikulipata. Nimeuliza juma zima. Mmoja ananipa kijana mvivu na mwongo. Mwingine ananipa mtoto mwema aliyewashinda wenzake kwa kazi shambani kwa baba yake. Alvah anasema kasha lilipozama, alikaa chini kichwa kimeinama. Mabamba yenyewe walioapa kwamba wameyaona ni jamaa zake na rafiki zake, na bado hata mmoja hajageuka kusema hakuyaona. Mimi siamini, mama, sikufichi. Lakini 'siamini' ni kitu kimoja, na 'amekiri' ni kingine. Hakuna aliyemsikia akikiri. Kuna mtu tu aliyetamani sana awepo aliyemsikia."

Wote wawili walimgeukia shemasi. Alikuwa ameinamisha uso juu ya nywele za Amos.

"Ohio," alisema. "Mnajua Ohio ni wapi? Tangu Daniel ameondoka... huyu mtoto anatembea kama yeye. Mguu mmoja unatangulia hivi. Nikikaa kanisani na kusikia hatua zake nyuma yangu, nageuka kumtafuta mdogo wangu. Halafu mtu mmoja anasema ameona malaika, na wanaondoka, na mimi nitabaki na ngozi za ng'ombe. Mngetaka nifanye nini?"

"Useme hivyo," Electa alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa, na hasira ilikuwemo pia. "Ungekuja ukakaa hapo ulipokaa, ukasema hivyo, shemeji. Tangu masika umeniita mwehu mbele ya mlango wa kanisa. Umeniambia nitawatia watoto wangu jehanamu. Siku moja hukusema utawakumbuka."

Amos alimpa shemasi sukari yake iliyobaki, naye akaikataa kwa kichwa.

Pettibone alikohoa. "Mama, jambo liko mikononi mwako. Ukitaka nimpeleke kwa hakimu, nampeleka sasa hivi. Ombi lake limekufa kwa vyovyote. Kesho ataliondoa mwenyewe, au nitaliondoa mimi kwa kusoma alichosema Goss."

"Nitaliondoa," shemasi alisema. "Nipeleke tu, Zerah. Usimsumbue huyu kumwuliza."

Electa alisimama, akaenda dirishani. Nje, Lovina alikuwa anarudi na ndoo, anaegemea upande mmoja kwa uzito. Alimtazama binti yake mpaka akafika kwenye ngazi.

"Simpeleki baba mkubwa wa wanangu jela," alisema. "Na Ohio naenda. Nilipozama kwenye maji yale niliinuka nikiwa na amani ambayo sijawahi kuwa nayo tangu Daniel afe, na hakuna hakimu wa kusini wala wa kaskazini anayeweza kuniambia sikuwa nayo. Lakini sasa naenda nikiwa na swali, na swali hilo siwezi kumwuliza mtu aliyenibatiza, maana atanijibu ninachotaka kusikia." Akageuka. "Una gari, shemeji. Una farasi."

"Nini?"

"Tupeleke wewe. Kaa mezani na yule mtu. Mwulize jiwe, mwulize hakimu, mwulize mabamba, mtazame machoni akikujibu. Wewe humpendi, kwa hiyo ukiona kitu chema ndani yake nitajua kipo. Na ukiona uongo, njoo uniambie mimi, si mahakama, nami nitakusikiliza mpaka mwisho. Ila safari hii nenda mwenyewe. Usimtume Goss."

Pettibone aliinuka akachukua kofia yake, maana kazi ya konstebo ilikuwa imekwisha na iliyobaki haikuwa yake. Alipofika mlangoni, aliinama chini ya nyuzi za matufaha, akampisha Lovina na ndoo.

Nyuma yake shemasi alikuwa bado ameketi, kiganja juu ya kichwa cha mtoto. Alifuta uso wake kwa mkono wa koti.

"Huyu," alisema, "akipanda gari hutapika. Itabidi twende pole pole."